Barua Kutoka Ughaibuni: Sungura na Fisi Wanaomshinda Mama

Leicester, Uingereza

Mdogo wangu mpenzi,

Baridi ya huku imeanza kulegea. Asubuhi naweza kutoka bila glavu. Dhumuni la barua hii ni mama. Nakuandikia wewe uliye naye huko Muheza, ila nimemwomba mhariri aichape kama alivyochapa barua zangu nyingine, kwa sababu najua mama yetu hayuko peke yake katika hili. Nilimsomea mwenyewe kwa simu kabla ya kuituma, naye akaniruhusu.

Jumapili tatu mfululizo nimepiga simu ya video nikaonyeshwa dari. Naona bati, naona boriti, naona balbu inayoning'inia, na sauti ya mama inatokea pembeni: "Nipo mwanangu, nakusikia." Nikimwomba ageuze simu nimwone, anasema mkono umechoka, au chaji inakwisha. Ndipo uliponinong'oneza ukiwa jikoni kwamba tangu ang'olewe yale meno ya mbele ya juu hataki kutazamwa. Harusini kwa jirani aliondoka kabla sinia la pilau halijafika. Akicheka huvuta upindo wa kanga mdomoni. Na lililoninyima usingizi ni lile la mwisho: hawasimulii tena wajukuu hadithi, kwa kuwa siku moja alipomtaja Fisi, watoto waliangua kicheko.

Mama yetu, ambaye tulipokuwa wadogo alikuwa akisema "Paukwa" barazani kwetu, na watoto wa nyumba tatu wakaitikia "Pakawa"!

Usiku ule nilikaa kitandani, nikayafunika meno yangu ya juu kwa mdomo, nikajaribu kusema kama yeye. "Paukwa" ilitoka nzima, maana p, k na w hazihitaji jino. "Sungura na Fisi" ndio waliokwama. Kumbe lugha yetu ina sauti nyingi ambazo makazi yake ni menoni. F na v zinataka meno ya juu yaguse mdomo wa chini. Th na dh zinataka ncha ya ulimi iyaguse meno. S na z zinataka pumzi ipenye katika upenyo mwembamba nyuma ya meno. Sasa hesabu maneno yanayokaa humo: furaha, faraja, fadhila, thamani, thawabu, dhahabu, salama. Mtu anang'olewa meno machache, na maneno yote hayo yanamponyoka kwa mkupuo. Sisi tuliobaki na meno tunaona pengo tu.

Kazi yangu unaijua: nahudumia wazee katika makao yao. Zamu ya asubuhi inaanza saa moja kamili, na kabla sijafungua pazia la mtu, mkono wangu unakwenda kwenye kikopo kidogo kando ya kitanda. Ndani yake kuna maji, na ndani ya maji kuna meno ya bandia. Nayatoa, nayasuuza, nampa mwenyewe ayavae, au namsaidia kama mikono inatetemeka. Mtu ambaye dakika moja kabla alikuwa na mashavu yaliyobonyea na kidevu kilichokaribia pua, anarudi kuwa yule aliye kwenye picha ya ukutani. Bibi mmoja hapa haniruhusu nifungue mlango wa chumba chake kabla hajavaa meno yake, hata kama ni mimi na si mwingine. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Leo nabisha hodi, nasimama nje, nangoja. Mtu hutaka kusitiriwa uso kama anavyotaka kusitiriwa mwili.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni mzee mmoja wa Kihindi ambaye jina lake sitalitaja. Mji huu umejaa Wahindi waliotoka kwetu. Wapo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wapo waliotoka Kenya, na wapo waliotoka Tanzania miaka hiyohiyo, baada ya serikali kuyatwaa majengo ya kupangisha mwaka 1971. Ukipita Belgrave Road, ukamwamkia mzee mwenye duka la sari, usishangae akikuitikia kwa Kiswahili. Huyu wangu alizaliwa Korogwe na akaendesha duka hukohuko: vitambaa, mafuta ya taa, sukari ya kupimwa kwa wakata mkonge. Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Kiingereza kimemtoka karibu chote, Kigujarati amebaki nacho nusu, na Kiswahili ndicho kinachomjia jioni. Kila nikiingia zamu namwambia "Shikamoo mzee," naye hujibu "Marahaba."

Alikuwa na meno ya bandia kamili, ya juu na ya chini. Akaugua kifua, akapelekwa hospitali, akakaa siku kumi na kitu, akarudi bila meno. Hakuna aliyejua yalikopotelea. Huku jambo hili ni la kawaida, na njia zake ni ndogondogo mno. Mgonjwa anayavua kwa sababu yanamchoma, anayafunga kwenye tishu, na tishu inaonekana ni taka. Au anayaweka ukingoni mwa sahani, sinia likarudishwa jikoni. Au yako chini ya mto, shuka likakusanywa kwenda kufuliwa. Kitu kilichomtengeneza mtu uso kinakwenda na uchafu wa wodi.

Baada ya hapo nilimwona akipungua kwa macho yangu. Chakula chake kikawa cha kusagwa: rojo la kijani, rojo la kahawia na rojo jeupe, yote kwenye sahani moja. Mzee aliyekuwa akivunja chapati kwa vidole na kuchovya mchuzi akawa analishwa kwa kijiko kitu asichokitambua. Akawa anageuza uso. Mkanda wa suruali tukautoboa tundu jipya, kisha jingine. Kwenye chumba cha kulia akaomba, kwa ishara, ahamishiwe meza ya pembeni. Na maneno yake yakavurugika hata familia yake ikaacha kumsikiliza kwa makini. Tukaanza kuambiana kwamba ugonjwa wa kusahau umezidi.

Kila jioni, jua likianza kuzama, alikuwa akirudia neno moja: "Umuni. Umuni." Alilisema kwa haraka, mkono umeufumbata kama ameshika kitu. Wenzangu waliniuliza kama ni Kiswahili, nikawaambia hapana. Hilo naliona hadi leo kuwa kosa langu, maana mimi peke yangu pale ndiye niliyekuwa na masikio ya kumsikia. "Marahaba" yake ilikuwa safi kila siku kwa sababu haina hata herufi moja inayohitaji jino la mbele, nami nikajiridhisha kwamba likimshinda neno jingine, basi ni akili.

Daktari wa meno alikuja baadaye. Kama meno ya zamani yangekuwapo, angeweza kuyanakili, na mtu mwenye ugonjwa wa kusahau huyazoea upesi zaidi yale yanayofanana na aliyoyajua. Hayakuwapo. Ikabidi kuanza upya: kuchukua chapa ya fizi, kupima jinsi taya zinavyokutana, kujaribisha meno yakiwa kwenye nta, kisha kuyamalizia. Ni safari ya wiki nyingi. Yalipofika, mzee aliyatema. Tukaanza na ya juu peke yake, kwa dakika chache wakati wa chai, mimi nikiwa nimekaa naye. Siku hadi siku tukaongeza. Jioni moja jua likizama alifumbata mkono kama kawaida yake, akaninyooshea, akasema kwa sauti iliyonyooka: "Thumuni. Mpe thumuni yake."

Alikuwa dukani kwake Korogwe. Kuna mteja alikuwa hajarudishiwa chenji yake ya senti hamsini, na kwa miezi yote ile mzee wa watu alikuwa akituomba tumsaidie kulipa. Sisi tulidhani anaropoka, kumbe anajali haki ya mtu. Nilipokea ile thumuni isiyoonekana nikamwambia nimeshampa mwenyewe. Akashusha pumzi, akalala vizuri.

Mdogo wangu, tangu siku ile najiuliza ni wazee wangapi, huku na huko nyumbani, tumewaandika kwamba wamechanganyikiwa, au wamekuwa wakali, au wamekuwa wapole mno, ilhali tatizo liko kinywani. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2022 ikionyesha kwamba katika kila watu 100 waliofikisha miaka 60 duniani, kiasi cha 23 hawana hata jino moja. Hao ni wale waliopoteza yote. Waliopoteza baadhi kama mama hawamo.

Labda utaniambia: basi tumnunulie meno, mambo yaishe. Nami nataka anunuliwe. Lakini wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na nilipoanza kazi hii ndipo nilipoelewa jinsi walivyokuwa wanasema kweli hata kwa maana ya nje kabisa ya maneno yao. Jino la asili lina mzizi, na mzizi ndio unaoliambia fupa la taya kwamba bado lina kazi. Jino likitoka, lile fupa huanza kuliwa taratibu, kwa kasi zaidi mwaka wa kwanza, na haliachi maisha yote. Taya la chini hupungua zaidi ya la juu, mara nne hivi. Ndiyo maana meno yaliyomkaa mtu sawasawa leo yatamlegea baada ya miaka kadhaa: plastiki haijabadilika, ni taya lililoshuka. Ya juu angalau hushikwa na mate na mvuto wa hewa kwenye kaakaa. Ya chini hayana kaakaa. Yanategemea ulimi na mashavu kujifunza kuyashika, na hilo ni zoezi la miezi. Hata akishazoea, nguvu ya kutafuna ni kama robo ya ile ya meno ya kuzaliwa, au chini yake. Dawa nyingi za wazee, zikiwamo baadhi ya zile za presha, hukausha mate, na kinywa kikikauka meno ya bandia yanateleza na kuchubua.

Kwa hiyo mtu anayevaa meno ya bandia anafanya kazi usiyoiona. Anahesabu kila tonge. Anajua upande upi wa kuweka nyama. Anacheka kwa kipimo. Tukiwa mezani naye, tumpe muda.

Watu wa huku wameyajua haya kwa njia ndefu na chungu. Huduma yao ya Taifa ya Afya, ambayo wenyewe huiita NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948, na matibabu yote yalikuwa bure, meno ya bandia yakiwamo. Watu walifurika. Walikuwapo waliokuwa wameishi miaka mingi na meno mabovu kwa sababu hawakuwa na pesa ya daktari. Gharama zikapanda hadi mwaka 1951 serikali ikaamua wagonjwa wachangie bei ya meno ya bandia na miwani. Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka Wales aliyeiasisi huduma ile, alijiuzulu uwaziri Aprili mwaka huohuo, mchango huo ukiwa kiini cha ugomvi. Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba waziri mzito aliacha kiti chake kwa ajili ya meno ya wazee na miwani yao, huwa hawaamini. Mimi napenda kulikumbuka kila ninapoosha kikopo.

Na siku zile Waingereza nao waliamini, kama tunavyosema sisi, kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Wapo wazee hapa kazini waliong'olewa meno yote wakiwa na miaka ishirini na kitu. Bibi mmoja alinisimulia kwamba kwake meno ya bandia yalikuwa zawadi ya harusi: baba yake alimlipia ang'olewe yote na kuwekewa ya bandia ili mume asije akapata gharama mbele ya safari. Simulizi kama hiyo nimeisikia zaidi ya mara moja. Mwaka 1968 walipofanya hesabu, watu wazima 37 katika kila 100 wa England na Wales hawakuwa na jino lao hata moja. Walipohesabu tena mwaka 2009, katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, walikuta ni 6 tu katika kila 100. Kilichobadilika ni dawa ya mswaki yenye floraidi iliyoenea miaka ya 1970, na madaktari walioanza kuziba jino badala ya kuling'oa. Kumbe uzee na ubogoyo si pacha. Hilo ndilo ninalotaka tulishike.

Wajapani nao wamelionyesha. Mwaka 1989 walianzisha kampeni waliyoiita 8020, maana yake mtu afikishe miaka 80 akiwa na meno yake 20, yanayotosha kutafunia karibu kila chakula. Walipoanza, waliofikia lengo hilo hawakufika hata 1 kati ya 10. Mwaka 2016 walikuwa wamevuka nusu ya wazee wa umri huo.

Sikusifii Uingereza kama pepo. Seti ya meno ya bandia kwenye NHS ya England, kwa bei iliyoanza Aprili 2025, ilikuwa paundi 326 na peni 70, labda uwe miongoni mwa wanaosamehewa kwa kipato kidogo au sababu nyingine. Na kumpata daktari wa meno anayepokea wagonjwa wapya wa NHS ni kazi. Februari 2024 mjini Bristol watu kwa mamia walipanga foleni barabarani kliniki moja ilipofungua mlango, hata polisi wakaja kuongoza watu. Kwenye makao ya wazee ndiko mambo yalikolala zaidi. Mwongozo wa taifa wa kutunza vinywa vya wazee ulitolewa mwaka 2016, lakini wakaguzi wa huduma walipotembelea makao 100 na kutoa taarifa yao mwaka 2019, waliona zaidi ya nusu hayakuwa na utaratibu wowote ulioandikwa wa afya ya kinywa, na karibu nusu hayakuwafundisha wafanyakazi jambo hilo. Mimi mwenyewe nilifundishwa kumgeuza mzee kitandani asipate vidonda kabla sijafundishwa kumpiga mswaki.

Basi turudi kwetu. Nimekaa nikahesabu fedha ambazo mimi na kaka tumetuma nyumbani tangu nije huku: bati, ada, simenti, kisima, Idi, hospitali mama alipougua presha. Kinywa chake hakikuwamo hata mara moja. Hakuomba, kwa kuwa mtu wa rika lake haombi meno. Anaona ni mambo ya uzee, ukiyataja utaonekana unajipenda. Nasi hatukuuliza. Jino lilipomuuma tulituma nauli ya kwenda kung'oa, tukashukuru Mungu maumivu yamekwisha. Nimeongea na kaka. Mwezi huu pesa inayokuja ni ya mama tu, na naomba ifanye yafuatayo.

Kwanza, yale meno yaliyobaki yasiguswe kabla ya daktari wa meno aliyesomea kuyaangalia na kusema yapi yanaweza kuzibwa. Kila jino litakalobaki ni nguzo: linashikilia fupa, na meno ya bandia ya sehemu hujishikiza hapo. Msikubali fundi wa mtaani wa kugandisha jino kwa gundi kwenye jino la jirani. Chini ya ile gundi mswaki haufiki, na jirani mzima anaoza naye.

Pili, fizi zake zipewe nafasi ya kupona, na mumweleze mapema kwamba meno ya kwanza yatahitaji kurekebishwa taya likishuka. Asije akadhani ameharibu yeye. Yakichubua arudi kwa daktari, asijikaze. Na kidonda chochote cha kinywani kisichopona kwa wiki 3 kionwe haraka, kiwe kimetokana na meno au la.

Tatu, akishayapata, usiku ayavue. Fizi zinataka kupumua, na meno yanayolala kinywani huleta utando na fangasi. Utafiti wa Japani wa mwaka 2015 uliowafuatilia wazee 524 wa miaka 85 na zaidi ulikuta wale wanaolala nayo walipata nimonia kwa kiasi cha mara mbili ya wengine. Ayasugue kwa brashi na sabuni ya kawaida, asitumie dawa ya mswaki inayoyakwaruza, juu ya beseni lenye maji ili yakimponyoka yasivunjike. Maji yawe baridi, maana ya moto huyapinda. Yalale ndani ya maji, kwenye kikopo chenye jina lake. Na siku akilazwa, Mungu apishe mbali, wewe ndiye uwe mlinzi wa kikopo hicho kama unavyolinda simu yako.

Nne, ni jiko. Asiyeweza kutafuna huacha matunda, mboga na nyama, akahamia kwenye mkate na chai ya sukari. Tumbo linajaa, mwili unakosa. Nakuomba usimtengee bakuli la uji pembeni. Sisi hatuna haja ya rojo la rangi tatu. Bibi zetu walitwanga kisamvu, walipika bokoboko hadi nyama na ngano vikawa kitu kimoja, walichemsha mihogo kwa nazi mpaka ikavunjika kwa ulimi. Samaki wa mchuzi hahitaji magego. Embe likatwe vipande vidogo. Pika vile vyakula kwa ajili ya wote, mle sinia moja, ili mama asiwe mgonjwa katikati ya walaji. Akichelewa kumaliza, usimwondolee sinia, mkae, mzungumze.

La tano halihitaji hata senti, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Meno yatamrudishia mama sura, na kwa bahati njema yatamrudishia F na S zake. Lakini yatachukua miezi kufika na miezi kuzoeleka, na siwezi kukuahidi kwamba yatamkaa vizuri. Pengo lililo baya zaidi liko barazani kwetu, pale alipokuwa akikaa jioni, na hilo halina fundi. Tutaliziba sisi.

Kwa hiyo waite wajukuu. Waambie kwamba Bibi anatengenezewa meno, na mpaka yafike, Fisi wa Bibi anatamkwa hivyo anavyomtamka. Waambie ndiye Fisi halisi, maana ndiye aliyenilaza mimi na wewe tukiwa wadogo. Kisha mwombe mama akae pale nje, umletee kigoda na chai yake, uzime televisheni, ungoje. Akinyamaza, ngoja tena. Lile neno la kwanza analiweza bila jino. Atakaposema "Paukwa," hakikisheni nyumba zote tatu zinaitikia.

Na Jumapili nitapiga simu. Mwekee simu iuelekee ukuta, isimtazame. Mimi nitasikiliza.

Wasalaam,

Dada yako